Kabla hujanunua ubao wa kafi: njia za bei nafuu za kusimama juu ya maji

Ubao wa kupiga kafi ukiwa umesimama, ule ambao matangazo ya ufukweni huuita SUP, asili yake ni Hawaii. Wale waliokuwa wakifundisha wageni mchezo wa mawimbi huko Waikiki walisimama juu ya mbao zao ndefu na kafi mkononi, wapate kuwaona wanafunzi wao kwa juu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mchezo ukaenea duniani. Leo utaukuta Paje, Nungwi, Diani, Watamu na Kilifi, na kila amwonaye mtu akipita taratibu juu ya maji tulivu huanza kuuliza bei.

Bei ndiyo inayokatisha tamaa. Ubao wa kujaza upepo wa daraja la chini, pamoja na pampu na kafi yake, huuzwa Ulaya au Marekani kwa dola mia kadhaa, na wenye jina kubwa hupita dola 1,000. Hapo bado haujapanda meli. Boksi ni kubwa, lina kilo kumi na kitu, na usafiri hutozwa kwa ukubwa huo. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei, usafiri na bima kwa pamoja, kisha VAT hupigwa juu ya jumla hiyo na ushuru wake: asilimia 18 Tanzania Bara, asilimia 16 Kenya. Kitu ulichokiona mtandaoni kwa bei ya simu ya kawaida kinakufikia kwa bei ya pikipiki kuukuu.

Wengi wanaoulizia ubao, ukiwasikiliza vizuri, wanataka asubuhi moja moja juu ya maji. Asubuhi hiyo inapatikana kwa njia kadhaa, na nyingine zilikuwepo pwani hii kabla SUP haijafika. Nimezipanga kwa namna ambayo ningependa uzijaribu: anza na ya kwanza, na usiruke kwenda ya mwisho kwa sababu tu una rafiki fundi.

Hatua ya 1: Hesabu saa, usihesabu ndoto

Chukua kalamu. Tuseme ubao mpya, hadi uufikishe nyumbani, utakugharimu shilingi 1,800,000 za Tanzania, na kukodi ufukweni ni shilingi 25,000 kwa saa. Gawanya: ni saa 72. Mtu anayekwenda baharini mara moja kila wiki mbili, saa moja moja, atachukua karibu miaka mitatu kuzimaliza. Weka bei za mahali ulipo na ufanye hesabu yako mwenyewe, lakini uwe mkweli kuhusu idadi ya safari. Kuna masika, kuna Ramadhani, kuna harusi za ndugu, kuna miezi ambayo kusi linavuma mpaka maji hayatamaniki.

Jambo jingine la kuandika: utaenda maji gani? Ndani ya mkono wa bahari kama Mida au Kilifi, kwenye maji yaliyokingwa na mwamba kama Jambiani, au bahari wazi? Jibu lako ndilo litakaloamua hatua zinazofuata, maana chombo kinachofaa ndani ya mikoko kinaweza kukuua nje ya mwamba.

Hatua ya 2: Kodi, lakini kodi kama mwenyeji

Kukodi ndiyo njia ya kwanza, na wengi hukodi vibaya. Wanafika saa tisa alasiri Jumamosi, upepo umeshapanda, maji yamekupwa hadi kwenye mwani, wanalipa bei ya mgeni kwa saa moja, na nusu ya saa hiyo wanaitumia kuanguka. Kisha wanasema mchezo ni ghali.

Soma maji kwanza. Katika pwani yetu bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo bahari hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Yaani bamvua ikiwa kali, saa nne asubuhi, wakati ambao ungetaka kuwa juu ya ubao, mashariki ya Unguja utakuta mchanga, mwani na madimbwi, na maji yenyewe yako mbali kule kwenye mwamba. Kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika kama 50. Kwa hiyo wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yanageuka: bahari inajaa katikati ya asubuhi, tena kwa upole, kwa sababu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwenye bamvua maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 4. Kwenye maji mafu hata mita 2 hayafiki. Asubuhi za maji mafu ndizo za anayejifunza. Mvuvi yeyote atakwambia leo ni siku ya ngapi ya mwezi bila kutazama simu.

Halafu upepo. Upepo wa bahari huamka jua likishapanda, kwa hiyo uwe majini kuanzia saa kumi na mbili na nusu au saa moja. Wenye mbao hawana wateja saa hiyo, na hapo ndipo bei inapozungumzika.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji ujanja. Msalimie kijana, muulize hali, kisha sema waziwazi: "Kaka, mimi ni mwenyeji, nakaa hapa hapa. Sitaki saa moja ya leo, nataka asubuhi tano ndani ya mwezi huu, saa moja hadi saa tatu. Tufanyeje?" Mwenye ubao anayejua biashara hujua kwamba ubao uliolala mchanga haumwingizii kitu. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi hufunga au hubaki na wageni wachache, na wakati huo hata bei ya nusu siku hulegea. Mvua ya masika huja na kuondoka. Ubao hauogopi kulowa.

Kabla hujatoa pesa, kagua. Ubao wa upepo uwe mgumu ukiubonyeza kwa kidole gumba. Ukibonyea, omba wajaze. Pezi la chini liwepo, liwe limekaza. Kamba ya mguuni isiwe imechanika penye mkanda wake. Kafi ikirefushwa isimame juu ya kichwa chako kwa kama sentimita 20. Na jaketi okozi iwe ya ukubwa wako, siyo ile ya mtoto iliyobaki. Kama maji yenyewe yako ndani ya hifadhi ya bahari, kwa mfano Watamu au visiwa vya Bongoyo na Mbudya hapo Dar es Salaam, uliza kama kiingilio kimo ndani ya bei au utakikuta mbele.

Hatua ya 3: Nenda kwa wenye pondo

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na sijui kwa nini watu wanaipita. Ndani ya mikono ya bahari yetu, kutoka Lamu mpaka Mtwara, kuna watu wanaosimama juu ya maji kila siku wakiendesha chombo kwa mti mrefu. Kupiga pondo kunafundisha karibu kila kitu ambacho ubao wa kafi utakudai: miguu iliyoachana, magoti yaliyolegea, macho mbele badala ya vidoleni, na kiuno kinachojua kusawazisha kabla kichwa hakijaagiza.

Tafuta maji ya kina kifupi yenye kinga: Ghuba ya Chwaka, Mida, kingo za Mtwapa, au mkono wowote wa bahari ulio karibu nawe. Tafuta mzee mwenye hori au mtumbwi ambaye siku hiyo hatoki kuvua. Usimwendee kama mtalii.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unifundishe kupiga pondo humu ndani, maji yakiwa yanajaa. Najua chombo ni kazi yako, muda wako nitaulipia."

Kulipa ni lazima, hata akisema hapana mara ya kwanza. Hori ni mkate wa nyumba yake. Ukilipasua kwa kulikokota juu ya mawe, umemnyima samaki wa wiki nzima.

Sasa kazi yenyewe. Anza ukiwa umekaa, ujue chombo kinavyolala. Kisha piga magoti. Ukisimama, simama nyuma, upande wa tezi, mguu mmoja mbele kidogo ya mwingine, na nyayo zisikae pamoja katikati. Shusha pondo karibu na ubavu wa chombo mpaka iguse chini, sukuma nyuma kwa uzito wa mwili, mikono ikipanda juu ya mti kidogo kidogo chombo kinapokwenda, na mwisho wa msukumo uiache pondo iburuzike nyuma kama usukani. Penye tope pondo hunasa. Izungushe kidogo kabla ya kuivuta. Na ikikataa, iachie. Anayeng'ang'ania hubaki akining'inia kwenye mti huku chombo kikienda zake, na watoto wa pwani nzima hawatakisahau kichekesho hicho.

Mtumbwi mwembamba usio na mbao za pembeni hutikisika sana. Kwa asiye na mazoea, ngalawa ambayo tanga lake limeshushwa ni bora, maana zile mbao mbili za pembeni huizuia kulala. Ukishaweza kusimama kwenye hori kwa nusu saa bila kukaa, ubao wa SUP wenye upana wa sentimita 80 utakuona ukipanda na hutashtuka. Saa zile za kukodi ambazo wenzako wanazitumia kuanguka, wewe utazitumia kwenda mahali.

Pondo inafanya kazi penye kina kifupi kuliko urefu wake tu. Chini ikikukosa, shika kafi. Kila nahodha ana moja ndani ya chombo. Hakikisha imo kabla hamjaondoka.

Hatua ya 4: Ubao uliostaafu

Ikiwa hesabu ya hatua ya 1 inasema kweli utaingia majini kila wiki, basi tafuta ubao, ila si lazima uwe mpya, wala si lazima uwe umezaliwa SUP.

Aina ya kwanza ni mbao za kale za tanga. Miaka ya 1970 na 1980 mchezo wa ubao wa tanga ulipamba moto duniani, na mbao za enzi hizo zilikuwa ndefu, mita 3.6 hadi 3.8, zenye ujazo wa lita 200 na zaidi. Wachezaji wa leo wanataka mbao fupi, kwa hiyo hizo ndefu hukaa nyuma ya stoo za hoteli za zamani na klabu za mashua zikikusanya vumbi. Bila mlingoti na tanga, ni ubao wa kafi mzuri sana. Kasoro yake ni upana: nyingi zina sentimita 65 hivi, na hapo mwanafunzi hutetemeka. Kwa aliyepitia pondo si tatizo. Nyingi zina lawi la katikati linaloshuka chini. Liache lilivyo, maana ukilishusha penye kina ubao huenda moja kwa moja bila kuyumba. Pandisha unapofika kwenye mawe.

Aina ya pili ni SUP zilizochoka za hoteli na shule za kaiti, yaani mchezo wa ubao unaovutwa na tiara. Vifaa vya biashara hubadilishwa, na msimu unapokwisha wenyewe hupenda pesa kuliko stoo iliyojaa. Nenda ukaulize ana kwa ana. Tangazo likishafika kwenye makundi ya simu, bei imeshapanda.

Kukagua ubao mgumu: uubebe kwanza. Ukiwa mzito kuliko unavyoonekana, umekunywa maji. Ugongegonge kwa kifundo cha kidole kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi. Penye sauti ya kufa, gamba limeachana na moyo wake. Angalia pembeni mwa tundu la pezi na pembeni mwa mpini wa kubebea, ndipo nyufa zinapoanzia. Ufa mdogo mkavu fundi wa faiba anauziba bila shida. Ubao uliokunywa maji miaka miwili muachie mwenyewe, hata akikupa kwa hisani.

Kukagua ubao wa upepo kunahitaji uvumilivu. Ujaze mpaka kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida paundi 12 hadi 15 za pampu, kisha paka maji ya sabuni kwenye vali na kwenye mishono yote. Povu likitoka kwenye vali, hiyo ni kazi ya spana na mpira mpya. Likitoka katikati ya kitambaa, ni kiraka. Likitoka kwenye mshono mrefu wa ubavuni, ondoka. Hata kama hakuna povu, omba uuache umejaa mpaka kesho, na upime tena saa ile ile uliyopima mwanzo. Upepo wa ndani hutanuka jua likiwaka na kunywea usiku, hivyo anayepima adhuhuri na kurudia alfajiri atalaumu ubao mzima bila kosa. Kiraka chenyewe kitahitaji gundi ya PVC ya boti. Gundi ya fundi pancha imetengenezwa kwa mpira wa tyubu na haitadumu.

Ujazo nao uangalie. Lita moja ya ubao hubeba karibu kilo moja, lakini ubao unaotosha kukuelesha tu hautoshi kukusimamisha. Kwa ubao mgumu, anayeanza atafute lita mara mbili ya kilo zake, hivi au zaidi. Mtu wa kilo 80 akipanda wa lita 120 ataelea, ila atakuwa na maji vifundoni na hasira.

Kuhusu kafi, hapa ndipo unapookoa pesa kirahisi, kwa sababu kafi inaundika nyumbani. Mti wake uwe paini iliyonyooka isiyo na vifundo, unene kama sentimita 3, urefu wa kimo chako na sentimita 20 juu: mtu wa sentimita 170 akate 190. Bapa la chini liwe la sentimita 20 kwa 40, plaiwudi ya milimita 6 iliyogundishwa ndani ya mpasuko wa mti na kufungwa kwa pini mbili za mbao. Kafi za dukani bapa lake limeinamishwa mbele kama nyuzi 10. Iliyonyooka nayo inakwenda. Juu weka kipande cha mti cha kukingama, cha kushikia kwa kiganja. Piga msasa sana, maana malengelenge ya siku ya kwanza ni ya kafi iliyopigwa msasa kwa haraka. Mpini wa fagio usiutumie, utavunjika siku unayouhitaji.

Hatua ya 5: Nunueni wengi

Watu wanne wanaoaminiana, ubao mmoja. Kama mnacheza upatu tayari, mnajua kazi. Ila ubao si fedha. Unakaa kwa mtu, na huyo mtu ataanza kuuona wake. Andikeni mapema: unalala kwa nani, nani anauosha, atakayeutoboa analipa nini, na anayehama mji anarudishiwa kiasi gani. Wekeni akiba ndogo ya viraka na pezi. Mtaona kwamba wawili kati yenu wataacha kuja baada ya miezi michache, na nyinyi mliobaki mtakuwa mmepata ubao kwa nusu bei. Nunueni mafungu ya wenzenu kwa heshima.

Hatua ya 6: Unda wako, kama una subira na fundi

Mmarekani Tom Blake alipewa hataza ya ubao mtupu ndani mwaka 1932, baada ya kuona kwamba mbao nzito za kale za Hawaii zinaweza kupunguzwa uzito kwa kutoa moyo wake. Wazo ni lile lile la chombo chochote: mataruma, yaani mbavu, ndani, gamba nje. Fundi wa mashua akiuona mchoro hatauliza maswali mengi.

Ubao wa mita 3.6 kwa sentimita 76, wenye unene wa sentimita 12 katikati, hupata ujazo wa lita 200 hivi. Karatasi ya plaiwudi ni mita 2.44 kwa 1.22, kwa hiyo unahitaji tatu za milimita 4: mbili kwa juu na chini, na ya tatu ukiikata katikati inatoa vipande viwili vya kurefushia. Maungio yachongwe kwa mshazari, urefu wa mshazari uwe mara nane ya unene. Vipande vinavyobaki ni mataruma, moja kila sentimita 30, na yatobolewe matundu hewa ipite. Katikati upite mti mmoja wa kusimamishia mgongo toka omo hadi tezi.

Usinunue plaiwudi kwa maneno ya muuzaji. Omba kipande, kichemshe saa nzima jikoni. Tabaka zikiachana, hiyo ni ya dari. Isipoachana, gundi yake inahimili maji.

Nje pavikwe kitambaa cha faiba na epoksi. Wengine huchonga ubao kwa povu gumu jeupe, lile la maboksi ya samaki, na njia hiyo inakubalika, ila kumbuka jambo moja: rezini ya kawaida ya poliesta, ile ya bei rahisi ambayo mafundi wengi wa boti wanayo, hulila povu hilo likayeyuka mbele ya macho yako. Juu ya povu jeupe ni epoksi tu, na epoksi ni ghali. Hapo ndipo akiba ya wengi huishia.

Ubao mtupu lazima uwe na kizibo cha hewa. Ukiwa umelala juani, hewa ya ndani hutanuka na kuachanisha maungio. Ukiingia maji baridi, hewa hunywea na kufyonza maji penye kila kitundu. Fungua kizibo nchi kavu, funga majini.

Uzito utakuwa kilo 20 na ushei. Kwa gharama, ukihesabu epoksi na siku za fundi, usishangae ukiukaribia ubao wa mtumba. Aundaye, aunde kwa kupenda kuunda.

Vya kuacha kabisa

Godoro la upepo, matyubu ya lori yaliyofungwa pamoja, madumu chini ya mbao. Katika dimbwi la kina cha kiuno ni mchezo wa watoto walio na mtu mzima. Baharini, vyote vitatu vina ugonjwa mmoja: vinabebwa na upepo haraka kuliko mtu anavyoweza kuogelea, na haviendeshwi. Pwani ya magharibi ya Unguja, kusi linapovuma hutoka nchi kavu kwenda bahari kuu. Karibu na mchanga maji ni shwari kabisa kwa sababu kisiwa kinakinga, na hali hiyo ndiyo inayodanganya watu. Mita mia mbili mbele, kinga imekwisha.

Hata ubao halisi huhitaji tahadhari hiyo. Mtu aliyesimama ni tanga. Upepo ukikuzidi, piga magoti. Ukizidi zaidi, lala kifudifudi, kafi chini ya kifua, na upige maji kwa mikono. Usiuache ubao kwa hali yoyote, maana ubao huonekana kwa mbali na kichwa cha mwogeleaji hakionekani. Kamba ya mguuni ivaliwe kila mara kwenye maji tulivu ya bahari. Kwenye mto unaokwenda kasi, au kati ya mizizi ya mikoko maji yanapovuta, kamba ya mguuni ni mtego: ikinasa, huwezi kuinama kuifungua dhidi ya mkondo. Watu wanne walikufa mwaka 2021 mtoni Haverfordwest, Wales, walipovutwa na maji kwenye kizingiti wakiwa juu ya mbao kama hizi, na tangu hapo suala la kamba limezungumzwa sana. Mahali kama hapo hutumika mkanda wa kiunoni unaofunguka kwa kuvuta mara moja.

Walio Victoria, Tanganyika na Nyasa: njia zote hapo juu zinawafaa isipokuwa habari ya bamvua, ila mna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hasa kwenye kingo zenye matete na maji yaliyotuama. Pandeni ubao kutoka penye mawe au gati, jikausheni haraka, na mkapime hospitali baada ya wiki kadhaa, dawa ipo. Mamba na kiboko waulizieni wavuvi wa hapo hapo. Wakisema hapa hapana, msiende kuhakikisha.

Ukishapata ubao, wowote ule

Uoshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa vali na tundu la pezi. Uweke kivulini, ubao wa upepo ulioachwa umejaa juani adhuhuri unaweza kupasuka mshono, kwa hiyo ukitoka majini punguza upepo kidogo kabla hujakaa kunywa madafu. Usiukunje ukiwa na unyevu, utaota ukungu. Mgumu usiulaze juu ya sakafu ya saruji bila kitu chini, uutundike kwa kamba pana mbili juu ya dari ya kibanda. Na pezi livue kila unapoubeba, kwa sababu mapezi mengi huvunjikia kwenye mlango wa nyumba kabla ya kuona bahari.